Mume wangu ana presha, lakini anasema hana kinachomuuma

Shikamoo dokta,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Morogoro, Kihonda. Mume wangu ana miaka 51, ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Tunduma na mara nyingine anavuka hadi Zambia. Mwaka juzi walikuja watu wa kupima bure pale stendi, wakamkuta na presha ya 176 kwa 104. Akaandikiwa vidonge vya aina mbili, kimoja cha kukojoza na kingine jina limenitoka. Alimeza miezi michache akaacha.

Sababu zake ni mbili. Ya kwanza, kile cha kukojoza kilikuwa kinamlazimisha asimame kila mara, na mtu akiwa anapandisha Kitonga na mzigo hawezi kusimama ovyo. Ya pili kanieleza kwa taabu sana: tangu aanze dawa, mambo ya chumbani yalipoa. Madereva wenzake wakamwambia dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume, wakampa vumbi la Kongo. Sasa hivi kidonge hamezi hata kimoja, anatumia hilo vumbi na kutafuna kitunguu swaumu asubuhi.

Kwenye chakula ndiyo sina la kusema. Njiani asubuhi ni supu ya kongoro na chapati, mchana nyama choma au chipsi kuku. Akirudi nyumbani anataka pilau la nyama yenye mafuta. Nikipunguza chumvi, mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasukuma sahani na kusema mwanawe hakuoa hospitali. Nikigusia mafuta, mume wangu ananiuliza: "Mmasai anakula nyama na maziwa tangu azaliwe, umeshasikia ana presha?" Nabaki kimya.

Muuguzi mmoja aliniambia mafuta yanaganda ndani ya mishipa kama kwenye bomba la sinki mpaka inaziba. Nilipomfikishia, akasema basi maji ya moto na limau yatazibua. Anasema pia presha na mafuta havihusiani, yake ni presha ya mawazo tu, marejesho ya mkopo yakiisha nayo itaisha.

Haumwi kichwa, analala vizuri. Ila wiki tatu zilizopita, asubuhi akinywa chai, kikombe kilimdondoka. Mkono wa kulia ukafa ganzi na maneno yakawa yanamtoka kama mlevi. Haikufika nusu saa akawa mzima, na jioni yake akaondoka na safari. Mama mkwe alisema ni upepo mbaya, akamsomea dua. Sijui kama hilo linahusika.

Dokta, mume wangu si mbishi wa kukataa kila kitu. Anataka aelezwe jambo likamwingia akilini. Nimwambie nini?

Mama Zuhura, Morogoro

*

Marahaba, Mama Zuhura.

Umeuliza kama kile kikombe kinahusika. Kinahusika kuliko kitu kingine chochote ulichoandika, na ningependa ungekitaja kwenye mstari wa kwanza. Mkono wa kulia kufa ganzi pamoja na maneno kuvurugika, kisha kila kitu kurudi sawa ndani ya nusu saa: hiyo mara nyingi ni kiharusi cha kupita. Damu ilikatika kwa muda upande wa kushoto wa ubongo, unaoongoza mkono wa kulia na, kwa watu wengi, usemi. Donge lililoziba likameng'enyuka au likasogea, akapona. Hatari ya kiharusi kamili kufuata huwa kubwa zaidi katika siku mbili za mwanzo, halafu inaendelea kuwa juu kwa miezi kama mitatu. Baba Zuhura bado yumo ndani ya miezi hiyo, na yuko nyuma ya usukani wa lori.

Kwa hiyo, kabla ya yote: mpigie simu leo. Kama yuko njiani, gari ichukuliwe na mwenzake, yeye aingie hospitali kubwa iliyo karibu. Kama yuko nyumbani, nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, na mweleze tukio la kikombe neno kwa neno kama ulivyoniandikia. Asiendeshe mpaka daktari aseme. Usimpe aspirini kwa sababu jirani kakushauri. Kiharusi kipo cha mshipa kuziba na kipo cha mshipa kupasuka, na aspirini inayomfaa wa kwanza inaweza kummaliza wa pili. Picha ya CT ya kichwa ndiyo inayotenganisha. Na dalili zikirudi, yaani uso kupinda upande, mkono kushuka ukimwambia anyanyue yote miwili, maneno kukwama, tazama saa, kumbuka zimeanza lini, mkimbize. Dua mtamsomea mkiwa njiani.

Sasa nijibu hilo la kumwingia akilini, na hapa sehemu iliyobaki ya barua hii msomee mwenyewe.

Muuguzi alikuwa na nia njema, lakini mfano wa bomba ndio uliompa mumeo limau lake. Bomba limekufa, uchafu unashika juu juu, ukimwaga kitu kikali unaondoka. Ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini, ni nyama hai yenye tabaka tatu. La nje linaushikilia mshipa mahali pake. La katikati ni misuli na nyuzi zinazovutika. La ndani kabisa, linalogusana na damu, limefunikwa na utando wa seli zilizopangwa safu moja tu. Utando huo mwembamba hivyo unafanya kazi usiku na mchana. Unatoa gesi ya nitriki oksidi inayoiambia misuli ilegee mshipa upanuke, unazuia damu isigande, unachagua kipi kipite na kipi kibaki. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo. Iweke akilini, nitairudia kwenye lile jambo lililomtia Baba Zuhura aibu.

Moyo unapiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Kila pigo linasukuma wimbi la damu, ukuta wa ateri unatanuka, kisha unarudi. Presha ikiwa 120, ukuta unahimili miaka na miaka. Ikiwa 176, kila pigo linauvuta kupita kiasi. Misuli ya katikati inanenepa ili ihimili, na ikinenepa njia ya damu inakuwa nyembamba. Zile nyuzi zinazovutika zinachoka na kukatika, mahali pake panajazwa nyuzi ngumu. Mshipa mgumu hautanuki, kwa hiyo presha inapanda zaidi. Utando wa ndani nao unachubuka, unatoa gesi kidogo, unaanza kuvujisha vitu ambavyo ungevizuia. Yote haya yanaendelea bila maumivu ya kumwamsha mtu usiku. Ndiyo maana "sina kinachoniuma" si kipimo cha presha.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia, na nasema yanaingia kwa maana ya kuingia kweli. Kolesteroli mbaya, ile ambayo kwenye cheti cha maabara huandikwa LDL, husafiri kwenye damu ikiwa ndani ya chembe ndogo sana. Chembe hizi hupenya utando na kunasa ndani ya ukuta. Kadiri zinavyokuwa nyingi, na kadiri presha inavyozigandamiza, ndivyo zinavyopenya zaidi. Zikikaa humo zinaharibika, na mwili unaziona kama adui. Chembe nyeupe za damu zinafuata, zinazimeza, zinavimba kwa mafuta hadi zinakufa hukohuko. Kinachobaki ni uji laini wa mafuta katikati ya ukuta, umefunikwa kwa kigamba. Sasa mwambie anionyeshe limau litapita wapi kufika hapo. Litaishia tumboni kama chai yoyote.

Wengi hawajui kwamba uvimbe huo mara nyingi hauzibi njia mwanzoni. Ateri hujitanua kwa nje kuupisha, damu inaendelea kupita, mtu anabeba magunia, anapandisha Kitonga. Siku kigamba kikipasuka, ule uji unagusana na damu, damu inaganda palepale kwa dakika chache. Ikitokea kwenye moyo, ni mshtuko wa moyo. Ikitokea shingoni, donge likakatika na kupanda kichwani, ni kiharusi. Na shingo naitaja kwa sababu, maana uharibifu huu hupenda pale ateri inapogawanyika, ambapo damu haiendi sawasawa, na ateri kubwa ya shingo inagawanyika chini kidogo ya taya.

Anasema presha na mafuta havihusiani. Aangalie mshipa wa vena, unaorudisha damu moyoni. Damu ni ileile, kolesteroli ni ileile, lakini vena hazioti uji huu, kwa kuwa presha yake ni ndogo sana. Madaktari wa upasuaji wakitoa vena mguuni wakaipandikiza moyoni ipokee kazi ya ateri iliyoziba, ikaanza kubeba presha ya ateri, baada ya miaka nayo huugua vilevile. Upande wa pili, Mrusi Anitschkow mwaka 1913 aliwalisha sungura kolesteroli iliyosafishwa, na ateri zao zikajaa mafuta. Mafuta ndiyo malighafi, presha ndiyo mkono unaoyasukuma ukutani. Mtu mwenye vyote viwili hajumlishi hatari, anazizidisha.

Kwenye ateri nyembamba za ndani ya ubongo, presha haihitaji hata msaada wa mafuta. Inazichakaza peke yake mpaka zinapasuka. Rais Roosevelt wa Marekani alipimwa Machi 1944 akakutwa na 186 kwa 108, si mbali na namba za mumeo. Aliendelea na kazi, akasafiri mpaka Yalta, kule Krimea. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma sana kisogoni, akazimia, presha ikasoma 300 kwa 190, akafa siku hiyohiyo. Alikuwa na daktari wa moyo wa kwake, lakini dawa za maana za presha zilikuwa hazijapatikana. Baba Zuhura anazo, tena nyingine ni za bei ndogo, ameziacha kabatini.

Presha ya mawazo? Mkopo unaweza kuipandisha kidogo, sikatai. Lakini miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Presha zao zilianza kupanda ndani ya miezi michache ya mwanzo mjini, kuliko za wenzao waliobaki. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi zaidi na potasiamu (madini ya matunda na mboga) kidogo, na uzito uliongezeka. Huku kwetu, kati ya 2003 na 2006, viharusi vilihesabiwa vijijini Hai kule Kilimanjaro na mjini Dar es Salaam. Ukilinganisha watu wa umri mmoja, Dar ilikuwa karibu mara tatu ya Hai. Sidhani watu wa Hai hawadaiwi mikopo.

Na Mmasai. Hapa mumeo amesema nusu ya kweli, na nafurahi kwamba amelitaja. Daktari George Mann aliwachunguza Wamasai miaka ya 1960, akakuta kolesteroli yao ya damu iko chini licha ya maziwa na nyama. Kisha mwaka 1972 akachapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki. Kuta za ateri zao zilikuwa zimenenepa kwa ugonjwa uleule, kiasi cha kulingana na wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yao ilikuwa imepanuka kuliko kawaida, na Mann alidhani sababu ni kutembea. Mtu anayefuata ng'ombe tangu alfajiri hawezi kufananishwa na mtu aliyekaa kwenye kiti cha lori kutoka Chalinze hadi Makambako. Kama Baba Zuhura anataka kula kama Mmasai wa Mann, aanze na miguu.

Nije chumbani. Mwambie asione aibu, nusu ya wanaume wenye presha wanaokuja kwangu huleta hili wakiwa wameshashika kitasa cha mlango. Ateri zinazopeleka damu kwenye uume zina upana wa milimita 1 hadi 2, za moyo 3 hadi 4. Ukuta ukianza kuharibika, nyembamba ndizo zinazokwama kwanza, wakati mwingine miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Na kitu kinachofungua mishipa hiyo wakati wa tendo ni ile gesi ya nitriki oksidi. Utando uliochubuliwa na presha hauitoi ya kutosha. Kwa hiyo huenda anayemlaumu siye mwizi.

Lakini sitamdanganya kwamba dawa hazina lawama kabisa. Vidonge vya kukojoza, na vya kundi la atenololi na propranololi, vinaweza kupunguza nguvu kwa baadhi ya wanaume. Dawa kama amlodipini na losatani kwa kawaida hazina tatizo hilo, na hazitamsimamisha Kitonga kukojoa. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, enalaprili na jamii yake huleta kikohozi kikavu. Kila moja ina kero yake, na ipo ya kumfaa. Anachotakiwa ni kumwambia daktari waziwazi: hiki kilinikojoza, hiki kilinipoza, nipe kingine. Kubadilishiwa dawa ni jambo la kawaida. Kuacha kimyakimya ndiko kunakotuletea watu kwenye machela.

Vumbi la Kongo aliweke chini leo. Hakuna anayejua kila pakiti ina nini. Unga na vidonge vya "asili" vya kuongeza nguvu vimekutwa katika nchi mbalimbali vimechanganywa na sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, bila kuandikwa. Kwa mtu ambaye mishipa yake imechoka, na ambaye kesho anaweza kupewa kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi, mchanganyiko huo unaweza kuangusha presha ghafla na kumuua. Kitunguu swaumu aendelee kukila, ni kiungo kizuri cha pilau. Kushusha 176 hakitaweza.

Chakula nitakwenda haraka, kwa kuwa wewe ndiye mwenye jiko na unajua kuliko mimi. Angalia mafuta yanayoganda yakipoa, hayo ndiyo yanayopandisha LDL: ya nyama, samli, mawese ambayo karibu nusu yake ni ya aina hiyo, na nazi iliyozidi hata mawese (ndugu zangu wa Pwani mtanisamehe). Alizeti inayo kama sehemu moja tu ya kumi. Supu ya nyumbani iache ipoe, utando wa juu engua utupe, kisha pasha moto. Njiani, kongoro liwe la siku moja moja, siku nyingine samaki, maharage, ndizi na mboga za majani. Chipsi za mafuta yaliyokaangiwa tangu jana hadi yamekuwa meusi aziache.

Chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojazwa, na humo imo ya mkate, ya supu na ya vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Ipunguze taratibu wiki hadi wiki, ukiongeza tangawizi, iliki, bizari na ndimu. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache. Toa kabisa kichupa cha chumvi mezani. Na sigara, kama anavuta, hukuitaja, lakini inauchubua utando uleule.

Mkifika hospitali, pamoja na kichwa, waombe wapime kolesteroli, sukari, figo, mkojo na umeme wa moyo. Mwombe daktari amtazame nyuma ya jicho kwa taa yake, maana ndipo mahali ambapo mishipa ya damu inaonekana bila kumpasua mtu, na Baba Zuhura anaweza kuelezwa hapohapo imeharibika kiasi gani. Kwa ulivyoeleza mkasa wake, huenda akaandikiwa pia dawa ya kushusha kolesteroli. Ajue mapema kuwa lengo kwa kawaida ni kushuka chini ya 140 kwa 90, na baada ya tukio lake daktari anaweza kutaka chini ya 130 kwa 80. Kila pointi 10 zinazoshuka kwenye namba ya juu hupunguza hatari ya kiharusi kwa kama robo. Namba zikishuka, ni kwa sababu dawa inafanya kazi, hivyo asizisome kama ruhusa ya kuacha.

Nunueni kipimo cha mkononi kama uwezo upo, kile cha kufunga juu ya kiwiko. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa. Namba ziandikwe kwenye daftari akae nalo ndani ya lori.

Na mama mkwe usigombane naye kuhusu sahani. Mwende naye hospitali siku hiyohiyo, mwambie unahitaji mtu mzima wa kukusindikiza. Mkiwa kwenye foleni, mwombe muuguzi ampime na yeye.